Baraza Lisiloshindwa

Kila lilipokaa baraza la ndoa pale Gulwe, kazi ya Anyesi ilikuwa kupika. Wenzake wawili walikuwa na kazi za maneno. Mzee Batholomeo alikuwa mwenyekiti, na mwalimu Nathanaeli wa shule ya msingi alikuwa katibu. Anyesi alikuwa mjumbe kama wao, tena kwa kupigiwa kura, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza neno. Alisonga ugali wa uwele, akapika mlenda wa karanga, akavifunika kwa kitambaa cheupe na kuvipeleka chumba cha nyuma ya kanisa. Mume na mke wakishapatanishwa walikula palepale, mbele ya wajumbe, sahani moja. Wakishanawa, shauri lilikuwa limekwisha, na aliyelifufua alihesabiwa kuwa amekitapika chakula cha kanisa.

Baraza lenyewe halikuwa la kanisa peke yake. Lilisajiliwa serikalini, kama yanavyosajiliwa ya misikiti na ya kata. Sheria ya Ndoa ya nchi hii haimpeleki mtu mahakamani kudai talaka mpaka apite kwanza barazani, na baraza lithibitishe kwa maandishi kwamba limejaribu kusuluhisha likashindwa. Bila hati hiyo hakimu hasikilizi. Ndiyo kusema serikali imewakabidhi wazee wa dini ufunguo wa mlango wake. Ni heshima kubwa, na mwenye kupewa ufunguo hakupewa ili afungie watu ndani.

Baraza la Gulwe lilikuwa halijaandika hati hiyo hata mara moja. Mzee Batholomeo alilitaja jambo hilo kwenye mikutano ya kanisa kama mfugaji anavyotaja ng'ombe wake.

"Sisi hatujashindwa na ndoa," alisema. "Penye wazee haliharibiki neno."

Watu walisema amina. Anyesi naye alisema amina, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema amina. Alizaliwa ng'ambo ya mto Kinyasungwe, ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, watoto wanachezea na mbuzi wanalala, halafu masika moja unaamka na kung'oa reli. Watu waliolelewa kando ya mto wa namna hiyo hawaamini ukimya. Alimwogopa baba yake, akamwogopa mwalimu wa katekisimu, akamwogopa mchungaji, akamwogopa Mungu, na hofu hizo zote alizifunga kitita kimoja akaziita uchaji. Mumewe, Kefa, alifanya kazi ya genge la reli, na mpaka anakufa hakuwahi kumnyanyulia mkono. Wanawake wenzake walimwambia ana bahati, kana kwamba kutopigwa ni zawadi ya bahati nasibu. Kefa alipozikwa, kanisa lilimpigia Anyesi kura akalie kiti alichoacha mumewe barazani. Siku nyingine zote alikausha mlenda juu ya mikeka, akautwanga na kuuza stesheni kwa abiria wa treni.

Basi siku moja shauri lilikuwa la Joel na Ritha.

Joel alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani, na kanisani aliimba besi. Alikuwa mtu mtaratibu mno. Hakuna jirani aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Ritha alikuwa ameshalalamika barazani mara mbili, na mara zote Joel alilia, akaomba msamaha, wakala, wakarudi nyumbani. Safari hii Ritha alikuwa amekwenda mahakamani Mpwapwa moja kwa moja, akarudishwa. Aliambiwa akalete hati ya baraza lake, akaja kuiomba.

"Binti yangu," mzee Batholomeo alianza, "hiyo unayoomba ni talaka. Kanisa halina talaka. Alichokiunganisha Mungu, nani mwenye mkono wa kukitenga? Mvumilivu hula mbivu."

Ritha alivuta upindo wa khanga. Alikuwa amejitanda khanga mpaka viganjani, ingawa jua la Oktoba lilikuwa linapasua bati.

Joel alipiga magoti. Alisema yeye ni mwenye dhambi kuliko wote waliomo chumbani, kwamba shetani alimpitia, kwamba anampenda mkewe kama Kristo alivyolipenda kanisa. Machozi yalimtoka kweli. Mwalimu Nathanaeli alitoa kitambaa akampa.

"Mwenye kutubu namna hii," mzee Batholomeo alisema, sauti ikimlegea, "sisi ni nani tumhukumu? Mama Anyesi, leta chakula."

Anyesi aliwanawisha. Joel alikinga mikono yote miwili. Ritha alikinga mmoja tu, wa kushoto.

Alipeleka huo huo wa kushoto kwenye ugali. Mlenda ukamteleza, ukadondokea mezani. Mzee Batholomeo alicheka kwa upole. "Ee, Ritha! Hata mkono wa kulia umemnunia mumeo?"

"Ana aibu huyu," alisema Joel. Akakata tonge, akalichovya, akamlisha Ritha mdomoni. Akakata jingine, akamlisha. Alifanya hivyo polepole, akimfuta kidevu kwa kidole gumba, na wanaume wale wawili walipiga makofi.

"Angalieni!" alisema mwalimu Nathanaeli. "Kama siku ya harusi!"

Anyesi alikuwa amesimama upande wa pili na birika la maji. Kutoka pale aliona chini ya meza. Khanga ilikuwa imeteleza, na mkono wa kulia wa Ritha ulikuwa umelala pajani, vidole vitatu vimevimba na kuwa vyeusi, vimeelekea upande ambao vidole haviendi. Akaelewa kwamba Joel hakuwa anamlisha kwa upendo. Alikuwa anamlisha kwa sababu alijua hawezi kula.

Alipoinua macho, Joel alikuwa akimtazama yeye. Hakukasirika. Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekutwa akifungua zawadi kabla ya siku yake.

"Mama, chakula kitamu," alisema. "Mungu akubarikie mikono."

Anyesi alirudisha birika mezani. Mzee Batholomeo aliomba sala ya kufunga. Ritha alitoka nyuma ya mumewe, na Anyesi aliosha sahani.

Hapo ndipo alipokosa, na kosa lake lisifunikwe. Mjumbe aliyeapa kusikiliza aliona uovu kwa macho yake, akaosha vyombo.

Kesho yake asubuhi Joel alikuja kwake. Anyesi alikuwa anageuza mlenda kwenye mkeka, akaona kivuli kimesimama juu ya majani.

"Mbukwenyi, mama," alisalimu kwa Kigogo. "Shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kununua mlenda. Ule wa jana umenikaa moyoni." Alichuchumaa, akachota majani kwa kiganja, akayaacha yapukutike. "Unaishi peke yako hapa tangu baba Kefa atangulie?"

"Mungu yupo."

"Yupo, mama. Yupo sana." Alitazama mlango, akatazama ua wa miiba, akatazama kichaka kilicho nyuma ya choo. "Ila huu ua umeoza. Hata mbuzi anapita. Mtu mzima kama wewe angekuwa na kijana wa kumtengenezea." Akasimama, akakung'uta magoti. "Sisi wa kanisa moja tutunzane. Ukiwa na la kuniambia, niambie mimi. Usiwachoshe wazee."

Akaondoka bila mlenda. Anyesi alikaa chini palepale mkekani. Mchana ulikuwa mweupe, kuku wanaparura, redio ya jirani inaimba, na yeye alikuwa ameushika mkeka kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo alianza kufunga mlango kwa komeo akiwa ndani jua likiwaka, jambo ambalo hakulifanya hata wiki ile aliyofiwa.

Stesheni aliuza pamoja na Munira, aliyekaanga mihogo. Munira alikuwa Mwislamu wa kutoka Kondoa, mwenye ulimi usio na breki. Aliona mwenzake anarudisha chenji ya watu kimakosa.

"Wewe Anyesi, una nini? Umekuwa kama kuku aliyeona kicheche."

Anyesi alimweleza bila kutaja jina. Munira alilitaja mwenyewe. "Joel wa ng'ombe. Endelea."

Alipomaliza, Munira alitia mihogo mingine kwenye mafuta na kuisubiri mpaka ikaanza kuiva. "Sikiliza. Mimi mume wangu alinitamkia talaka tatu, mashahidi wapo, sheikh yupo. Nikajua yamekwisha. Nakwenda mahakamani nipate haki yangu kwenye nyumba, naambiwa bado, mama, serikali inakutambua kuwa mke wa mtu, rudi kwenye baraza la msikiti wako kwanza. Dini inasema nimeachwa, serikali inasema nimeolewa! Mwaka mzima sikujua nijibu nini nikiulizwa mume wako nani."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi. Wazee wakatuita, wakatusikiliza, wakaona chungu kimepasuka hakishiki gundi. Wakaandika: tumejaribu, tumeshindwa. Basi. Hawakuniacha wao. Kuachwa niliachwa na yule mlevi, na talaka ya serikali alitoa hakimu. Wazee walisema ukweli wao, wakaenda kuswali."

"Kwetu mwenyekiti anasema kuandika hati ni kuvunja ndoa."

"Kwani daktari akiandika mtu amekufa, ndiye amemuua?" Munira aligeuza mihogo. "Wanaume wenu wanaogopa kuonekana wameshindwa. Wanamsingizia Mungu."

Maneno hayo Anyesi aliyabeba kama kaa la moto kwenye khanga. Usiku hakulala. Lakini kuyajua ni kitu kimoja na kuyasema ni kingine, na pengine angeyazika, kama si Ritha mwenyewe kumkuta kisimani.

Ritha aliweka ndoo chini, akatazama nyuma yake, kisha akasema haraka kwa sauti ya chini, akijifanya anakinga maji.

"Mama, uliona."

"Niliona, mwanangu."

"Alinishikia mkono kwenye mwimo wa mlango, akaufunga mlango. Taratibu, mama. Wala hakuwa na hasira. Alikuwa ananiambia niende barazani."

"Uende barazani?"

"Ndiyo. 'Nenda kawaambie. Watanirudishia tu.' Kila mara anasema hivyo. Kabla hatujafika barazani alikuwa ananiogopa kidogo, alidhani kuna mahali nitapelekwa. Sasa anajua hakuna. Nyinyi ndio mlionimalizia." Hakulisema kwa chuki. Alilisema kama mtu anayetaja njia ya kwenda shambani. "Nimeomba tena kikao. Nikirudishwa safari hii, mama, usisumbuke kupika kwa ajili yangu tena. Mtapikia matanga yangu."

Akabeba ndoo kwa mkono wa kushoto, maji yakimwagika, akaondoka.

Siku ya kikao Anyesi aliamka na kuwasha moto kwa mazoea. Maji yalichemka. Alishika mwiko, akauweka. Aliuzima moto kwa majivu, akavaa gauni lake la kanisani na kwenda mikono mitupu. Njiani alisimama mara mbili, akaendelea. Pembeni mwa kanisa Joel alikuwa amesimama na Ritha, amemshika bega. "Shikamoo, mama," alisema, macho yake yakatafuta sahani, yakaikosa. Yakabaki usoni mwake.

Walikaa. Mzee Batholomeo aliomba, akafungua Biblia, akaanza kama kawaida. Joel alikuwa ameanza kuteremka kwenye magoti.

"Mwenyekiti," alisema Anyesi. Sauti yake ilitoka nyembamba, yenye kukwaruza. "Naomba neno."

Mzee Batholomeo alimtazama kana kwamba benchi limezungumza. "Tukifika kwenye chakula, mama."

"Chakula hakuna. Sijapika."

Joel alibaki nusu magoti, nusu wima.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Naogopa." Alishika ukingo wa meza. "Mwalimu Nathanaeli, msalimie Ritha. Mpe mkono wa kulia."

"Tumeshasalimiana, mama Anyesi."

"Msalimie kama watu wanavyosalimiana."

Mwalimu alinyoosha mkono, akitabasamu kwa kutoelewa. Ritha alimtazama mumewe, akamtazama Anyesi, kisha akautoa mkono chini ya khanga na kuuweka kwenye kiganja cha mwalimu. Mwalimu aliushika. Tabasamu lilimkauka. Akatazama alichoshika, akakiachia polepole sana, akajifuta mkono kwenye suruali bila kujua anafanya nini.

"Alianguka zizini," alisema Joel kwa upole. "Nilikuwa nampeleka hospitali wiki hii hii."

"Ndivyo vidole alivyokuja navyo siku ile ulipomlisha," alisema Anyesi. "Mkapiga makofi. Na mimi nikaosha sahani."

Mzee Batholomeo alifumba Biblia. Uso wake ulikuwa umekuwa kama wa mtu aliyepokea salamu za msiba. Hata hivyo alikuwa mtu wa msimamo, na msimamo wake haukuwa wa unafiki. Aliamini. "Ni vibaya," alisema. "Ni dhambi, na kanisa litamtia adabu. Lakini hati siandiki. Niliapa mbele ya madhabahu kulinda ndoa. Mimi si mtu wa kuivunja."

"Mwenyekiti, hatuulizwi kama ndoa ni takatifu. Hilo Mungu ameshalijibu. Serikali inatuuliza jambo moja dogo: mmeweza? Nasi kila mara tunajibu tumeweza, na Biblia iko mezani. Huo ni ushahidi wa uongo, baba. Amri ile ya kutoshuhudia uongo haikuandikiwa wezi wa ng'ombe peke yao."

"Mama Anyesi, angalia ulimi wako. Unajua kanisa linaweza kukuzuia kwenye meza ya Bwana."

Hilo ndilo lililomwogofya tangu utoto. Machozi yalimtoka. Lakini hakukaa. "Najua, baba," alisema.

Wakati huo Joel alisimama. Akajinyoosha koti, akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwema anayewahurumia wenye wasiwasi.

"Wazee, msigombane kwa ajili yangu. Mpeni hati yake." Akamtazama Ritha kwa macho ya upendo. "Mpeni tu. Tuone atafika nayo wapi."

Alilisema taratibu, kama alivyosema kila kitu. Nje mbuzi walilia. Mzee Batholomeo alikuwa amemjua kijana huyu tangu anabatizwa, alimfundisha kuimba, na inawezekana hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikia. Alimtazama muda mrefu. Akaisogeza Biblia pembeni.

"Nathanaeli," alisema hatimaye. "Andika."

"Niandike nini, mwenyekiti?"

"Kwamba tumeshindwa." Ilimchukua pumzi nyingine kumalizia. "Sisi. Andika ni sisi tulioshindwa."

Hawakumwacha Ritha atoke peke yake. Mzee Batholomeo, na uzee wake wote, alipanda pikipiki nyuma yake mpaka Mpwapwa, amemweka katikati yake na dereva, kofia ameishika kwa mkono mmoja. Vumbi liliwafunika kabla hawajafika kwenye kona. Joel alisimama chini ya bati la kanisa, akatazama mpaka pikipiki ilipopotea, kisha akamgeukia Anyesi na kuinamisha kichwa kwa heshima, akaenda zake.

Mahakama ilipokea hati. Ritha alikwenda kukaa kwa kaka yake huko Miyuji, Dodoma, na vidole vikavunjwa upya hospitali ili vinyooshwe. Joel aliitwa shaurini, hakutokea. Akaitwa tena, hakutokea. Hakimu alisikiliza upande mmoja na kutoa talaka, na sheria ikawa imemaliza kazi yake, kwa maana sheria hufika mpaka kwenye karatasi, halafu mwenye karatasi hutembea nayo mwenyewe.

Kanisa lilimzuia Anyesi kwenye meza ya Bwana mpaka Pasaka, kwa kumvunjia heshima mwenyekiti barazani. Mzee Batholomeo alipinga, akashindwa kwa kura. Jumapili za ushirika Anyesi alibaki benchi la nyuma wenzake wakisogea mbele, na hakuna aliyekaa karibu naye. Kwaya iliimba bila besi. Joel alikuwa ameuza ng'ombe wake wote kwa bei ya hasara, akaacha nyumba wazi, mlango ukipigwa na upepo. Wengine walisema yuko Kiteto, wengine Kilosa. Mnadani hakuna aliyemwona.

Ua wa miiba Anyesi aliutengeneza upya kwa mikono yake. Bado alifunga komeo mchana.

Alasiri moja alikuwa anatwanga mlenda, simu ikaita. Alikuwa Ritha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vidole?"

"Viwili vinakunjika. Nimeanza kufua nguo za watu." Nyuma yake zilisikika pikipiki za Miyuji na watoto wakicheza. "Mama, yule amerudi huko Gulwe?"

"Hajarudi. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Jana jioni wifi alisema kuna mtu alisimama ng'ambo ya barabara akiuliza nyumba ya kupanga. Mtu mpole sana, alisema. Mwenye sauti nene."

Anyesi aliuachia mchi. Ulianguka kando ya kinu, ukabingirika mpaka ukutani.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Kaka yako yuko wapi?"

"Kazini."

"Na wifi?"

"Sokoni."

"Mchukue mtoto wa jirani yeyote mkae pamoja, au nenda wewe kwake. Usikae peke yako. Namtuma jirani kwa mwalimu Nathanaeli sasa hivi, awapigie simu polisi wa Dodoma. Hiyo hati ya talaka ishike mkononi. Umenisikia, Ritha?"

"Nimekusikia."

"Basi kwanza funga mlango, mwanangu. Usikate simu."

Akasikia nyayo za Ritha zikikimbia kwenye sakafu, kisha komeo likisukumwa kwa mkono usio na nguvu, likikwama, likisukumwa tena.

"Limeingia?" aliuliza Anyesi.

"Subiri, mama."